Shali Iliyofumwa Mlangoni

Mama yangu hajawahi kusafiri bila sindano za kufuma. Watu wengine hubeba mayai ya kuchemsha na chupa ya chai. Yeye hubeba mfuko wa uzi, sindano mbili ndefu za chuma na mkasi uliofungwa kwa kitambaa usije ukatoboa kitu. Nyumbani kwetu, mtaa wa Pioneer, ana mashine ya kufuma sweta za shule, lakini safarini hutumia mkono, na amefuma hivyo akienda Kitale, Nakuru na kwenye matanga ya kila jamaa aliyewahi kufa upande wa magharibi. Ukimwuliza kwa nini hapumziki, atakwambia kwamba barabara za Kenya zina wazimu na yeye hataki kuziangalia.

Mimi huziangalia, na hugombana nazo. Nimewahi kushushwa kwenye basi kwa kumzaba kofi mhubiri aliyekuwa akinipigia kelele sikioni tangu Burnt Forest. Hasira yangu iko karibu, na sijawahi kuiombea radhi. Nasema haya mapema ili msomaji ajue nilikuwa mwanamke wa namna gani siku ile dada yangu alipopiga simu.

Dada yangu ni kitinda mimba wetu. Alikuwa ameolewa na mvuvi kisiwani, kule Ziwa Victoria, ng'ambo ya Port Victoria. Mume wake alikuwa mpole sana mbele ya wazee, mtu wa kuinamisha kichwa na kuweka mikono nyuma. Mwaka wa kwanza dada alirudi kwetu amevunjwa taya, tukampeleka hospitali ya Plateau wakamfunga waya, akawa anakunywa uji kwa mrija. Wazee wakaketi, wakala kuku, mume akasema ni shetani alimpitia, na dada akarudishwa. Mara ya pili alirudi sikio moja halisikii. Wazee wakaketi tena, wakala kuku tena.

Safari hii alipiga kwa simu ya jirani, akinong'ona.

"Amechimba shimo nyuma ya choo," alisema. "Amenipeleka nikaliona. Ameniambia niingie anipime."

Nyuma yake nilisikia mtoto akilia, binti yake, ambaye hata kukaa alikuwa bado hajajua vizuri. Kisha simu ikakatika.

Kaka zetu walisema waitishe kikao kingine. Niliwaambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama alikwenda kwenye rafu, akachukua uzi mweupe wa nguo za watoto, akaupima uzito kwa kiganja na kuutia mfukoni.

"Unaenda wapi?" nilimwuliza.

"Kwa mkwe wangu. Naenda kufumia mjukuu shali."

Nilidhani amerukwa na akili. Kwa watu wetu, mama mkwe na mkwe hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Mkwe akimwona mama wa mke wake njiani, huingia kichakani mpaka apite. Na mama mkwe kuingia nyumba ya mkwe bila kualikwa, bila sherehe yake, ni jambo linalosemekana kuleta ugonjwa na vifo. Mama alikuwa ameyashika hayo maisha yake yote. Tangu ndoa ile ifungwe, hakuwa amewahi kuonana na mkwe wake uso kwa uso.

"Na laana je?" nikamwuliza.

"Mimi ni mzee. Laana ikinipata itapata nini?"

Nilifunga safari naye. Katikati ya mabunda ya uzi, bila yeye kujua, nilificha panga jipya nililolinoa mwenyewe.

Tulipanda lori la jirani aliyekuwa akipeleka viazi Busia. Tulikaa mbele na dereva, mama katikati, akifuma. Kabla ya Turbo kondoo aliruka barabarani na dereva akampitia. Sijui wenye kondoo walitoka wapi. Kufumba na kufumbua wanaume walikuwa wamelizunguka lori na rungu, kioo cha mbele kikavunjika vipande vipande juu yetu, na dereva akavutwa nje kwa ukosi wa shati. Walimpiga mbavu, wakampiga mgongo, akawa anajikunja chini ya gurudumu akiita mama yake. Mimi nikashuka. Nilimrukia mmoja shingoni na kumng'ata sikio, na mwingine akanitwanga bega kwa rungu hadi mkono ukafa ganzi. Nilikuwa nafurahia, kusema kweli. Nilikuwa nimeibeba hasira ile tangu Pioneer na sasa nilikuwa nimepata pa kuitua.

Mama alibaki juu akiokota vioo kwenye uzi. Alipofikia chini ya mfuko mkono wake ukagusa chuma. Alilitoa lile panga, akaniangalia kwa muda, kisha akateremka nalo. Wote wakarudi nyuma. Alimwendea mzee mwenye kondoo, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Shika hii, mzee. Ni mpya. Chinja kondoo yako kabla damu haijaganda, watu wakule."

Mzee alilitazama panga, akalijaribu makali kwa kidole gumba. Mtu mmoja akacheka. Dereva aliachiliwa, akapanda akiwa anatema damu, na tukaendelea na safari upepo ukitupiga usoni kupitia pale palipokuwa na kioo.

"Kule tunakoenda wako na mapanga mengi kuliko wewe," mama aliniambia tulipopita Webuye. "Mimi nakutaka na mdomo tu."

Sikumwelewa wakati ule. Bega liliniuma hadi Busia na nikakataa kuzungumza naye.

Kutoka Port Victoria tulivuka kwa mashua ya injini. Upepo ulikuwa mbaya. Maji yaliingia kila wimbi lilipotupiga ubavuni, na nahodha alikuwa akimtukana mtu wa kuchota maji na kumchapa kwa ncha ya kamba kila aliponyoosha mgongo. Mwanamke mmoja alitapika mapajani mwangu. Mama alihesabu vitanzi vyake kwa sauti, akaharibu safu moja, akaifumua, akaanza upya. Shali ilikuwa imefika upana wa kiganja tulipotia nanga.

Nyumba ya dada ilikuwa ya udongo na mabati, karibu na maji, yenye mlango mmoja na madirisha madogo yasiyoweza kupitisha hata mtoto. Dada alitoka akiwa amembeba binti yake mgongoni. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, na mdomo umepasuka mahali palepale pa zamani. Alipotuona hakulia. Alimwangalia mama akikaribia na akaweka mkono mbele kana kwamba anamzuia mtu asikanyage moto.

"Mama, hapa huruhusiwi."

"Najua. Nipe kigoda."

Aliweka kigoda pale mlangoni, katikati kabisa, akakaa, akanyoosha miguu mpaka ikagusa mwimo wa pili, na akatoa sindano. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa walishika midomo. Mmoja wao alitupa chano chake na kukimbia.

Mkwe alirudi jua likiwa juu bado, kasia begani, amelewa. Alifika hadi uani kabla ya kumwona. Samaki aliowabeba wakamponyoka. Aligeuka haraka hivi kwamba karibu aanguke yeye mwenyewe, akasimama akiwa ametupa mgongo, uso umeelekea migomba, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mama alitaka mdomo wangu. Mkwe na mama mkwe hawawezi kuzungumza moja kwa moja. Lazima awepo mtu wa kupokea neno na kulipeleka.

"Shemeji," aliniita, akiiambia migomba. "Mwambie mama nimemsalimu."

"Anakusalimu," nikamwambia mama.

"Mwambie nimeitikia."

"Shemeji, mwambie mama karibu. Mwambie nauliza kama kuna neno."

"Mwambie hakuna. Nafumia mjukuu shali. Ikiisha nitaenda."

"Mwambie ni vizuri sana. Sasa mwambie nimeomba atoke kwa mlango kidogo, niko na maneno na bibi yangu huko ndani."

"Mwambie nikisimama vitanzi vitatoka."

Alipumua kwa nguvu. Mikono yake ilikuwa inafinya kasia kama mtu anayekamua nguo. Halafu alipaza sauti, bado akiangalia migomba, akasema, "Shemeji, mwambie mama, kwa heshima yote, mtoto wake nitamkata shingo."

Nililipeleka neno. Mama alifika mwisho wa safu, akageuza sindano.

"Mwambie nimesikia."

Tuliishi hivyo. Mama hakuutoka mlango ule isipokuwa kumsindikiza dada chooni, na walipokuwa wakipita, mkwe alikimbilia nyuma ya migomba akiapa kwa Mungu kwamba atatuua sote, halafu akiniomba nimwambie mama samahani kwa kelele. Alilala kwa ndugu yake. Asubuhi alirudi. Aliwakamata kuku wa dada mmoja mmoja, akawakata vichwa hapo uani akiwa ametupa mgongo, na kurusha vichwa nyuma bila kuangalia, vikawa vinaanguka karibu na miguu ya mama vikiwa bado vinapepesa macho. Alipasua masufuria kwa shoka. Alichoma nguo za dada zilizoanikwa, na moshi ukaingia ndani tukakohoa hadi mtoto akabadilika rangi. Kila alipomaliza alisimama akitweta, akauliza swali lilelile kwa adabu ileile.

"Shemeji, mwambie mama nimeuliza shali inaisha lini."

"Mwambie bado pindo."

Mimi nilikuwa mlango wake wa kutolea hasira. Mimi si mama mkwe, mimi hakuna mwiko unaonilinda. Siku nilipomrudishia neno la mama na kuongeza langu juu yake, alinipiga kofi la masikio mawili kwa pamoja hadi nikasikia kengele. Nilimpiga teke pale panapojulikana. Alianguka, nikamkanyaga mkono, akanivuta mguu, tukagaagaa kwenye damu ya kuku tukipigana kama mbwa, na mama akafuma. Nilimchukia siku hiyo. Nilidhani amekuja kujionyesha ushujaa na sisi wengine ndio tunalipa.

Wakati huo nilikuwa nikishuka ufukweni kila siku kutafuta wa kutuvusha. Wanaume walikuwa pale, wengi, wameketi kwenye mchanga wakishona nyavu. Kisiwa hakikuwa na askari. Wao ndio waliokuwa kila kitu. Waliniona nikiwa na uso uliovimba, wakanipa salamu nzuri.

"Bibi ya mtu siwezi beba kama bwana yake hajasema," mwenye mashua kubwa kuliko zote aliniambia, akivuta uzi kwa meno. "Hiyo ni kuvunja boma, madam."

"Na akiuawa?"

"Hawezi uawa. Hiyo ni maneno tu ya mtu na bibi yake."

Nilimtukana yeye, na nyavu zake, na waliomzaa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akarudi kwenye kushona.

Uzi mweupe uliisha. Niliona mama akipapasa chini ya mfuko, kisha akaugeuza ndani nje. Bila kazi mikononi hakuwa mgeni anayemfumia mjukuu. Alikuwa mwanamke aliyevamia nyumba ya mkwe, na wazee wa kisiwa wangekuwa na haki ya kumwondoa. Alasiri hiyo mmoja wa wanawake wa dagaa alipita karibu na mlango bila kusimama, akaangusha bunda la uzi wa kushonea nyavu, wa buluu, mgumu, wa kukata vidole. Kesho yake akapita mwingine. Mama alifunga buluu kwenye nyeupe na kuendelea. Ilianza kuonekana kama kitu ambacho hakuna mtoto anayeweza kufunikwa nacho, na mkwe akaacha kuuliza itaisha lini.

Alikuja na jembe. Hakuja uani. Alizunguka nyuma ya nyumba, upande wa kile choo na lile shimo, na tukasikia pigo la kwanza kwenye ukuta. Udongo ukaanguka ndani, juu ya kitanda. Alikuwa amefikiri akapata njia: mlango una mama mkwe, ukuta hauna mtu. Dada alishika mtoto na kujibana kwenye kona, na nikaona mkojo ukimtiririka miguuni.

Nilikimbia nyuma. Alikuwa ameshafungua tundu la kutosha mkono na fito zikawa zinaonekana kama mbavu. Nilimshika shati kutoka nyuma. Aligeuka na mpini wa jembe ukanipata mdomoni, na meno mawili yakaniruka. Nilianguka kwa magoti. Alirudi ukutani, akapiga, akapiga, akiongea peke yake kwa sauti ya mtu anayelima.

Kisha jembe likasimama hewani. Mama alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba. Alikuwa ameiacha shali kwenye kigoda. Nyuma yake alikuwa dada, mtoto mgongoni.

Mkwe alifunika uso kwa kiwiko, akarudi hatua moja. Mama akaenda hatua moja. Nilidhani atasimama, lakini hakusimama. Alimwendea moja kwa moja, mikono mitupu, akimtazama usoni kama anavyomtazama mtoto anayempima sweta, na yule mtu mkubwa, aliyevunja taya na sikio la dada na meno yangu, alianza kutembea kinyumenyume. Aliangusha jembe. Alijikwaa kwenye lile shimo lake mwenyewe, akatoka, akaendelea kurudi nyuma. Hakuwa na la kufanya. Akimgusa amekwisha, akiguswa amekwisha. Alitokea ufukweni akaokota kasia, labda ili awe na kitu mkononi, na wanaume wa nyavu wakainuka mmoja mmoja.

"Shemeji," alisema. Sauti ilikuwa imekatika. "Mwambie mama asimame."

Mdomo wangu ulikuwa umejaa damu. Sikumwambia.

Mama alitembea mpaka maji yakamfika vifundoni. Mashua kubwa ilikuwa hapo nyuma ya mkwe, imefungwa. Dada akatokeza pembeni mwa mama ili aifikie, na mkwe akamwona. Nafikiri ilimtosha kumwona. Aliinua kasia kwa mikono miwili na kulishusha kuelekea kichwa cha mke wake, kichwa na mtoto nyuma yake. Mama akainua mkono.

Nilisikia mfupa. Wote ufukweni tuliusikia. Mkono ule haujaunga sawa mpaka leo. Siku hizi anafuma sindano moja ameibana kwapani na anasema ni mwendo wa wazungu.

Mkwe aliangalia kasia kana kwamba limempiga mama lenyewe. Halafu wanaume wa nyavu wakaja, wote, kwa pamoja, bila kupiga kelele, na hiyo ilitisha zaidi. Walimwangusha kwenye maji ya kina kifupi. Walimpiga kwa makasia, kwa mawe ya kuzamishia nyavu, kwa visigino. Ndugu yake alikuwa miongoni mwao. Kila alipoinua kichwa avute pumzi walikirudisha chini, na maji yakageuka rangi. "Mama ya bibi yako," mmoja alikuwa akirudia, akipiga kwa kila neno. "Mama ya bibi yako." Hakufa, nasikia anatembea kwa gongo na hapandi tena mashua ya mtu yeyote. Nasema wazi kwamba niliona raha. Nilitaka waendelee. Nilitema damu mchangani na kuwahesabia mapigo.

Yule mwenye mashua, aliyenikatalia, ndiye aliyemwinua mama kwa mikono yake na kumweka juu ya ubao mkavu. Alivua koti lake akamkunjia chini ya mkono uliovunjika. "Pole sana, Mama," alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Pole. Hii kitu haijawahi kufanyika hapa kwetu."

Dada alipanda mwisho. Aliketi na mtoto mapajani, akiangalia kwa jicho lake moja pale majini ambapo bado walikuwa wakipiga. Nilidhani atalia, au atashangilia, au atawaomba wamwache. Nimewahi kuona wanawake wakifanya yote matatu. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, wale watu aliowaanikia dagaa na kuwasalimia kila asubuhi tangu aolewe.

"Kumbe wako na mikono," alisema.

Mwenye mashua alisikia. Nyumba yake na nyumba ya dada zilikuwa zimetenganishwa na ua wa matete, na kitanda chake kilikuwa upande wa ua, ambako vilio vya usiku vilifika. Aliinama, akavuta kamba ya injini. Ilikataa kuwaka. Akavuta tena.